Sijaona: jina la kiume ambalo ni sentensi nzima

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Mikindani nanunua samaki, kijana mmoja niliyemfundisha zamani akanisogelea, "Shikamoo madam", nikaitikia, akaanza kunieleza kwamba mkewe kajifungua mtoto wa kiume na mjomba mtu, kaka yake mkewe, kang'ang'ania mtoto aitwe Sijaona. Baba mtu hataki kumvunjia heshima shemeji yake ila anaona jina limekaa kama jibu la mtu aliyeulizwa funguo ziko wapi. Kaingia gugo kutafuta maana, hakuambulia kitu. "Madam, wewe si ndo umesomea majina, hivi hili nalo ni jina?"

Ni jina, tena mie nalipenda kuliko majina mengi niliyowahi kuandika kwenye daftari langu, na nimeandika mengi maana tangu nilipoanza kufundisha Kiswahili huku Mtwara kazi yangu ya pembeni ndo hiyo, kuuliza watu majina yao yametoka wapi. Pale sokoni nilimjibu kwa kifupi, jua lilikuwa kali na samaki hawasubiri. Huku namjibu vizuri.

Kwanza, sisi watu wa Mtwara hili jina tunalitaja kila siku bila kulisikiliza. Uwanja wetu wa mpira unaitwa Nangwanda Sijaona, ndo ule tuliokuwa tunajaa kuwashangilia Ndanda FC walipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, watu koo zimekauka kwa kupiga kelele "Mtwara kuchele!" (na hiyo kuchele nayo ni sentensi, kumekucha, lakini tuiache). Uwanja ulipewa jina la Lawi Nangwanda Sijaona, aliyekuwa waziri kwenye serikali ya Mwalimu Nyerere na kiongozi wa vijana wa TANU miaka ya 1960. Yashike hayo majina matatu moja moja. Nangwanda lina sauti ya huku kusini kabisa, hiyo Na- ya mwanzo unakutana nayo Nachingwea, Nanyamba, Nangurukuru. Lawi limetoka kwenye Biblia. Sijaona ni Kiswahili ambacho hata mtoto wa chekechea anakielewa, na hapo ndo watu wanapodanganyika wakadhani kwa vile wanaelewa neno basi wameelewa jina.

Tulitazame lenyewe. Si- ni mimi ninayekana, -ja- ni bado, -ona ni kuona. Uzito wote uko kwenye hiyo -ja- ya katikati. Ukisema sikuona umefunga mlango, jambo lilipita na hukuliona, basi. Ukisema sijaona mlango uko wazi, mpaka sasa hivi sina nilichoona lakini kesho naweza kuona. Mtu anakuuliza mgeni kafika? Unasema sijaona, na bado unachungulia barabarani. Halafu kuna ile sijaona nyingine, ya kushangaa, sijaona watu kama hawa, sijaona mambo kama haya, yaani tangu nizaliwe. Neno moja linabeba kusubiri na linabeba mshangao, na kwenye jina kitu kilichosubiriwa au kilichoshangaza kimeachwa nje. Sijaona nini? Hakisemwi. Aliyempa mtoto jina anajua na majirani wa wakati ule walijua, sisi wengine mpaka tuulize.

Na swali linalonikosesha usingizi kuhusu majina ya namna hii ni moja, huyo mimi ni nani? Chukua Sikudhani, jina la kike linalojulikana pwani yote, sikudhani ni maneno ya mama au bibi, siyo ya mtoto, mtoto kabebeshwa tu sentensi ya mtu mwingine na ataenda nayo maisha yake yote. Sikujua hivyo hivyo. Sikitu hivyo hivyo. Haya sio kama Tabu au Shida au Chausiku ambayo yanataja hali au muda mtoto alipozaliwa, haya ni maneno yaliyotoka mdomoni mwa mtu siku fulani, na mdomo huo mara nyingi ulishazikwa.

Miaka kadhaa nyuma nilienda Newala msimu wa korosho, nikafikishwa kwa mzee mmoja anayeitwa Sijaona, jina lake la kwanza kabisa. Nilimkuta kakaa kwenye mkeka chini ya mkorosho anachambua korosho, nzuri anatupia kwenye ndoo, zilizooza anasukumia pembeni kwa mguu, na muda wote tunaongea mikono yake haikusimama. Nikamuuliza mzee wangu, hili jina nani alikupa. Akasema mama yake alizaa watoto wanne kabla yake na wote walikufa wadogo, hakuna aliyefika kutembea. Alipozaliwa yeye wanawake wa mtaani wakaja na vigelegele, wakamwambia mama yake hongera umepata mtoto, mama akawajibu "mtoto? sijaona". Akakaa hivyo hivyo, kila anayekuja kupongeza anajibiwa sijaona, mpaka watu wakaanza kumwita mtoto kwa lile jibu. Mzee akanyanyua korosho moja akaigeuza geuza, akasema "Alikuwa ananificha, binti yangu. Kifo kikisikia hapa hamna mtoto kitapita."

Nilikuwa nimeshasoma chuoni kuhusu majina ya kumkinga mtoto, ya kumfanya aonekane hana thamani ili asichukuliwe, na nilishayafundisha sana. Siku ile ndo niliyaelewa. Ile -ja- ilikuwa ni mama anayeogopa kusema ameona, kwa sababu mara nne alisema ameona.

Sasa siyo kila Sijaona ametoka kwenye misiba. Wengine ni vijembe, na majina ya vijembe yana historia ndefu pwani. Mke kasemwa na mawifi, akijifungua anampa mtoto jina ambalo wakiliita wanajiita wenyewe, sijaona watu kama nyinyi, na watalitaja asubuhi mpaka jioni. Mie naona hii ndo sababu mojawapo familia ambazo nyumbani wanaongea Kimakonde au Kimwera au Kiyao waliwapa watoto sentensi za Kiswahili, ujumbe ulikuwa wa mtaa mzima na Kiswahili ndo mtaa mzima ulikuwa unakisikia.

Kuna njia nyingine, na hii ndo inayobadilisha jibu la yule mimi ni nani. Kwa Wamakonde na Wayao kijana akitoka jandoni alikuwa anatoka na jina jipya, lile la utotoni linaachwa kule, na ukiliita watu wazima wanakukaripia. Sijaona la namna hiyo ni la mwenyewe, ni kijana ndo anayesema, mie ndo kwanza naanza, sijaona. Maneno ni yale yale ya mama wa Newala lakini mdomo ni tofauti kabisa.

Na wale wanaosema majina ya sentensi ni ushamba, wafungue Biblia Mwanzo sura ya 29. Lea alipomzaa Reubeni alisema Bwana ameona mateso yangu, ndo jina hilo. Alipomzaa wa tatu akasema sasa mume wangu ataungana nami, akamwita Lawi. Ni yale yale ya mama zetu, tena kwa kitenzi kile kile cha kuona! Kwa hiyo mtu anayeitwa Lawi Sijaona ana sentensi mbili kwenye jina lake, ya Kiebrania na ya Kiswahili, na ya Kiebrania hakuna anayeicheka.

Je, jina bado lipo? Miaka yote niliyofundisha sijapata mwanafunzi ambaye Sijaona ni jina lake la kwanza, darasani nina akina Rayan na Brian wa kutosha. Lakini ukisoma orodha mpaka mwisho wa mstari unamkuta, yuko safu ya tatu. Utaratibu wetu wa majina unajulikana, lako, la baba, la babu. Babu aliitwa Sijaona, mwanae akawa Hamisi wa Sijaona, mjukuu akaandikwa na Sijaona mwishoni, na akishaandikwa hivyo shuleni linaganda, linakuwa jina la ukoo, wajukuu wa mjukuu watalibeba. Jina limehama kutoka mbele kwenda nyuma, na wakati linahama limeacha sababu njiani. Nawauliza wanafunzi wangu wenye hilo jina, mnajua babu yenu alikuwa hajaona nini? Hawajui, na wengi baba zao pia hawajui. Hili linaniuma kwa kweli, kwa sababu bibi anayejua huwa yupo, yupo hai, kijijini, na hakuna aliyemuuliza.

Kitu kidogo cha uandishi halafu nimalizie. Liandike hivi, Sijaona, neno moja, hakuna w katikati, mkazo unakaa kwenye o. Nasema hivyo kwa sababu mwanafunzi wangu mmoja aliandikwa "Sijawona" kwenye cheti cha kuzaliwa, karani wa ofisi moja alisikia sauti akaandika alivyosikia, mtoto akamaliza kidato cha sita vyeti havifanani na mkopo wa chuo ukachelewa akizunguka na viapo. Ukiwa dirishani usitamke tu, omba karatasi uandike kwa herufi kubwa, na usome kilichoandikwa kabla hujaondoka.

Yule kijana wa Mikindani nilimwambia kitu kimoja tu pale sokoni, usimbishie shemeji yako, muulize. Huku kwetu mjomba ana haki na mpwa wake kuliko wageni wanavyodhani, lakini na wewe una haki ya kujua mwanao anabebeshwa maneno gani. Juzi kanipigia. Mjomba kaulizwa mbele ya watu wote, kanyamaza kidogo, halafu kasema, "Dada zangu wote wana watoto. Huyu wa mwisho miaka tisa kwenye ndoa, kila nikija hapa naulizwa na mama, umeona chochote kwa mdogo wako? Mie najibu sijaona."

Mtoto kaandikishwa Jumatatu. Baba mtu kaomba karatasi dirishani, kaandika mwenyewe.