Kuvuka Namanga kwenda kufundisha shule ya misheni: yanayosemwa na yaliyopo

Mwalimu Mkenya akipata kazi Qatar hujiandaa kwa miezi. Atauliza sheria, atauliza mavazi, atauliza hata joto la mwezi wa saba. Akipata kazi shule ya kanisa Moshi, Tanzania, hufunga begi, akapanda basi Nairobi asubuhi na jioni yuko kwenye nyumba ya walimu. Kiswahili anakijua, ugali anaujua, na Mlima Kilimanjaro amekuwa akiuona tangu utoto kutokea Loitokitok. Nimefanya kazi na walimu wengi wa namna hiyo kwenye shule za kanisa za Kaskazini, Wakenya na Waganda, na karibu kila aliyepata taabu aliipata kwenye jambo alilodhani analijua tayari.

"Sisi ni Jumuiya moja, kibali ni utaratibu tu."

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na nimeshaisikia ikitajwa kana kwamba ni tiketi. Haikufuta vibali. Kwa Tanzania unahitaji viwili, na vinatoka ofisi mbili: kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya kuratibu ajira za wageni ya mwaka 2015, na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Kimoja hakisimami badala ya kingine. Hata pale mpakani, kitambulisho cha taifa kinachokuvusha kwenda Uganda hakitoshi peke yake. Njoo na pasipoti, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Somo unalofundisha lina uzito kuliko wengi wanavyofikiri. Walimu wa sayansi na hisabati wamewekwa kwenye daraja B la kibali cha kazi, pamoja na madaktari na wataalamu wa mafuta na gesi. Mwalimu wa historia anaangukia daraja C, ambako mwajiri ana kazi kubwa zaidi ya kueleza kwa nini asiajiri Mtanzania. Daraja D ni la wanaofanya shughuli za dini na hisani, na hapa pana mtego: shule kuwa ya misheni hakukufanyi wewe mmisionari. Kama umeajiriwa kufundisha fizikia kwa mshahara, wewe ni mwajiriwa.

Kibali cha kazi hutolewa kwa miezi 24, huhuishwa, na kwa jumla hakizidi miaka mitano. Mwajiri anatakiwa pia awe na mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayeshika nafasi yako. Na kibali ni cha mwajiri huyo kwa kazi hiyo. Ukihama kwenda shule ya dayosisi ya jirani, unaanza upya. Mkuu wa shule akikuambia "anza kazi, vibali vitafuata", mjibu kwa heshima kwamba utasubiri nyumbani.

"Shule ya misheni ni shule ya misheni, hata kwetu zipo."

Hii ndiyo dhana inayowaumiza wengi, na chanzo chake ni historia. Kenya, kanisa lililojenga shule lilibaki kuwa mdhamini: lina sauti juu ya maadili na ibada, lakini shule nyingi kati ya hizo ni za umma na mwalimu analipwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. Tanzania ilikwenda njia nyingine. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, serikali ilizichukua shule za madhehebu moja kwa moja. Pugu, ambako Nyerere alifundisha akiwa mwalimu wa shule ya Wakatoliki mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, leo ni shule ya serikali kama nyingine.

Zilizosalia mikononi mwa makanisa ni seminari, kwa sababu zilihesabiwa kuwa za kuandaa mapadri na wachungaji. Milango ya shule binafsi ilipofunguliwa tena, makanisa yakaanza kujenga upya, na jina la seminari likaendelea hata kwenye shule ambazo wahitimu wake wengi wanakuwa wahasibu na manesi. Waislamu nao wana seminari zao. Kwa hiyo usishtuke kuona "Seminari" kwenye barua ya ajira, lakini uliza: ni seminari ndogo ya kweli, yenye Gombera, yaani padri mkuu wa seminari, na wavulana wanaolelewa kwa ajili ya upadri, au ni shule ya kawaida ya bweni? Ratiba ya mwalimu haifanani kabisa.

Mwajiri wako, basi, ni jimbo, dayosisi au shirika la masista. Hakuna TSC, na mshahara unatoka kwenye ada, ile mnayoiita karo. Wazazi wakichelewa kulipa, mhasibu naye anachelewa. Kabla ya kusaini, uliza walimu waliopo, si mkuu wa shule, mshahara wa Desemba huwa unaingia lini. Uliza na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: mchango wa asilimia 20 unapaswa kwenda kila mwezi, na mwajiri haruhusiwi kukukata wewe zaidi ya nusu yake. Wengine hugundua mwisho wa mkataba kwamba makato yalikatwa ila hayakufika.

"Lazima uwe wa dhehebu lao."

Mara nyingi si lazima. Kwenye shule ya Kilutheri utakuta Mkatoliki anafundisha kemia na Mwislamu anafundisha jiografia, na wanafunzi ni mchanganyiko huohuo. Kinachotakiwa ni kuheshimu nyumba: kuhudhuria ibada ya asubuhi siku ya zamu yako, na kuitikia salamu. Sista akisema "Tumsifu Yesu Kristo", mtu haitikii "fiti".

"Nitalipwa milioni!"

Za Tanzania. Milioni moja ni kama elfu hamsini hivi za Kenya, na kodi ya mapato haijakatwa. Endelea na hesabu zako.

"Mtoto mwenye pointi 7 kafeli."

Mwalimu aliyezoea KCSE, mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, ambako A ni pointi 12, hutazama matokeo ya kidato cha nne ya Tanzania akasikitika bure. Huku A ni pointi 1 na F ni 5, zinajumlishwa za masomo saba bora, kwa hiyo "Divisheni Wani ya 7" ndiyo kilele. Divisheni hiyo inakwenda hadi pointi 17. C inaanzia alama 45, na F ni chini ya 30. Ukisahihisha mtihani wa kwanza kwa mizani ya nyumbani, mwalimu wa taaluma atakuletea makaratasi yako yote uyapange upya, tena mbele ya watu.

Kalenda nayo ina vituko vyake. Kidato cha kwanza wanaanza Januari, cha tano Julai, cha sita wanafanya mtihani Mei. Ukipewa vidato vya juu, wengine wanamaliza wengine hawajaingia, na wewe unaandika azimio la kazi kwa mwaka usiojua kichwa wala mkia.

"Tanzania viboko ruksa."

Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko mwaka 2001. Tanzania bado inaruhusu kisheria, na wageni wengine hulichukua hilo kama likizo. Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike akiwepo, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Wewe uliyefika juzi hujateuliwa. Zipo pia shule za kanisa zilizoiweka fimbo kando kabisa. Mkenya ana faida moja hapa: ameshajifunza kuendesha darasa bila fimbo, na sijui kwa nini akubali kuipoteza.

"Kiswahili nakijua, hiyo haina shida."

Kazi utakayopewa ni ya Kiingereza. Mara nyingi ndiyo sababu ya kukuita. Wanafunzi wanakatazwa Kiswahili kuanzia getini. Ila ofisi ya walimu, jikoni, kwa mlinzi na kwa mzazi aliyekuja kuomba apunguziwe ada, kote huko ni Kiswahili, na kina adabu zake. Namkumbuka kijana mmoja wa hisabati, mwalimu hodari hasa. Mpishi wa shule, mama wa makamo, alikuwa anapakua makande, yaani githeri. Kijana akasogeza sahani: "Nipe na mimi." Hakuwa na nia mbaya. Mama akampa, kimya, na foleni nzima ikasikia ule ukimya. Ilikuwa iwe "Shikamoo mama, naomba na mimi", basi, na kipande cha parachichi juu.

Wanafunzi nao watakuamkia "shikamoo" hata kama una miaka 24, na watasimama pale wakingoja "marahaba". Usiseme "poa". Na ukiwa na shida na mwenzako ofisini, uliza kwanza habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto. Mkenya huona anapotezewa muda; Mtanzania huona amevamiwa.

"Nitafungua na kibanda pembeni."

Acha. Agizo la serikali la Julai 2025 linawazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, duka la rejareja, saluni na ufundi simu. Faini inaanzia shilingi milioni 10, kifungo kinaweza kufika miezi sita, na viza na kibali cha ukaazi vinaweza kufutwa. Mtanzania akikupa jina lake na kuandikisha biashara kwa niaba yako, hilo nalo ni kosa, kwake. Mashamba na viwanja, sheria ya ardhi haimpi asiye raia isipokuwa kwa uwekezaji. Kuku nyuma ya nyumba ya walimu, wa kula mwenyewe, fuga. Ila mwombe kwanza Sista anayesimamia bustani, maana mchicha ni wake.