Paisanaje: mpwa dukani, mkwe nyumbani

Paisanaje ni neno la Kihispania: hali ya watu kuwa wa kwao mmoja, iwe kijiji, bonde au mkoa. Wafanyabiashara wa Hispania waliovusha bidhaa Atlantiki enzi za ukoloni waliliunganisha na udugu wa damu na wa ndoa, na viwili hivyo vikafanya kazi ambayo leo tunawaachia benki na mawakili.

Chukua tajiri wa Mexico City katika karne ya 18, mzaliwa wa milima ya Santander, kaskazini mwa Hispania. Vitambaa vyake vinatoka Cádiz, bandari ya Hispania iliyoupokonya mji wa Sevilla makao ya biashara hiyo mwaka 1717, na vinashushwa Veracruz, bandari ya Mexico. Vingi ni mali kauli. Barua huchukua miezi kuvuka bahari, kwa hiyo mdaiwa akiamua kutokomea, atafika mbali kabla kesi haijasomwa. Heri basi aliye ng'ambo awe kaka, shemeji, au angalau mtu ambaye mama yake ni jirani ya mama yako.

Dukani kwake, tajiri huyu hamtegemei mwanawe. Anaandika barua nyumbani aletewe sobrino, mtoto wa kaka au wa dada (Kihispania hakiwatofautishi). Kijana anafika angali barobaro, anakuwa cajero, yaani karani wa duka: anapima vitambaa, ananakili barua, anavumilia ukali wa mjomba. Akionekana mwaminifu baada ya miaka kadhaa, anaozwa binti wa mwenye duka. Kama ni binamu yake, Kanisa linaombwa ruhusa. Bibi harusi huja na dote, mali itokayo kwa baba yake, kinyume kabisa cha mahari yetu, na mtaji unabaki palepale.

Mtoto wa kiume je? Kasomeshwa, kawa padri au mwanasheria, au anajitanua shambani kama bwana. Na kwa kuwa sheria iliwapa watoto wote fungu la urithi, wa kike kwa wa kiume, duka lisilo na mkwe wa kulishika lingeweza kusambaratika mara tu mzee akizikwa.

Ukwao huo ulifika hadi Consulado, chama cha wafanyabiashara wakubwa kilichokuwa na mahakama yake: kambi moja ya Wabaski, nao pia watu wa kaskazini mwa Hispania, nyingine ya watu wa Santander. Wazaliwa wa Mexico waliyaona yote hayo kwa uchungu. Dada zao waliolewa na wageni waliotoka melini juzi, na duka likaenda nao.