Je, Wajua Kwa Nini Kadi ya Grafiki Husoma Asilimia 100?

Unafungua gemu moja tu, unatupia jicho dirisha la Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kompyuta inavyofanya kazi, na kadi ya grafiki (GPU), ile inayochora picha za skrini, inasoma asilimia 99. Feni zinavuma. Kwa miaka mingi nilidhani namba hiyo ni sawa na geji ya joto, kwamba ikifika mwisho kuna kitu kinakaribia kuungua, na nilikuwa nafunga gemu mbiombio. Nilikosea. Kwa kuwa wengi bado wanaamini hivyo, hapo ndipo pa kuanzia.

Asilimia ile ni kipimo cha muda. NVIDIA, kampuni inayotengeneza kadi hizi, katika maelezo ya nvidia-smi, programu yake ya kupima kadi, inasema ni sehemu ya muda wa kipimo ambayo kadi ilikuwa ikiendesha angalau kazi moja. Muda wenyewe ni mfupi: kati ya sekunde 1 na sehemu ya sita ya sekunde, kutegemea kadi.

Chukua karakana ya ushonaji yenye vyerehani 100. Mlangoni amesimama mtu mwenye saa, anayehesabu kila dakika ambayo kuna cherehani kinachozunguka, hata kiwe kimoja. Kimoja kikishona kutwa na 99 vikalala, jioni ataandika asilimia 100. Vyote vikishona kutwa, ataandika 100 ile ile. Kasi nayo haimhusu: fundi anayekanyaga pedali taratibu na anayeikanyaga kwa nguvu zote, kwake ni sawa. Kadi ya grafiki nayo hupunguza kasi kazi ikiwa nyepesi na kuiongeza ikiwa nzito, kwa hiyo asilimia 40 kwenye kasi ya chini inaweza kuwa kazi ndogo kuliko asilimia 15 kwenye kasi ya juu. Jambo hili lilinishangaza kuliko yote, na ndilo linaloeleza kwa nini kadi inaweza kuonyesha namba kubwa huku imepoa kabisa.

Task Manager, iliyoanza kuonyesha kadi ya grafiki kwenye Windows 10 mwaka 2017, ina hesabu yake. Hugawa kadi katika sehemu, kama vile ya kuchora 3D, ya kunakili data na ya kufungua video, kisha namba kuu inayokuonyesha ni ya ile sehemu yenye shughuli nyingi zaidi.

Sasa, kwa nini gemu hujaza kipimo? Kwa sababu, lisipowekewa kikomo, likimaliza fremu moja, yaani picha moja kamili ya skrini, huagiza nyingine papo hapo. Tuseme fremu moja huchukua milisekunde 4. Kwenye skrini ya hezi 60, yaani inayobadili picha mara 60 kwa sekunde, ukiwasha V-Sync, mpangilio unaolifanya gemu lifuate kasi ya skrini, fremu mpya huhitajika kila baada ya milisekunde 16.7 hivi, na muda unaobaki kadi hupumzika: matumizi ni karibu asilimia 24. Ondoa kikomo, kadi itachora fremu 250 kwa sekunde na kusoma 100, ingawa skrini ni ile ile. Ndiyo maana menyu ya gemu, yenye picha nyepesi kabisa, inaweza kuitesa kadi kuliko vita vyenyewe. Mwaka 2010 kampuni ya Blizzard ilikiri kwamba baadhi ya skrini za gemu lake la StarCraft II zilichorwa bila kikomo na zingeweza kupandisha joto kwenye kompyuta zisizopozwa vizuri. Dawa iliyotoa ilikuwa mistari miwili ya kuongeza kwenye faili la mipangilio ya gemu, mmoja wao frameratecapglue=30, yaani kikomo cha fremu 30 kwa sekunde.

Kwa hiyo joto litazame kwenye kipimo chake. Kadi za sasa hujipunguza kasi zenyewe zikifika kiwango cha joto kilichowekwa, lakini vumbi kwenye feni huzifikisha huko mapema. Kwenye gemu zito lisilo na kikomo, asilimia 99 mara nyingi ni habari njema, kwani ikisoma 50 huku picha zikikwama, huenda prosesa ndiyo inayoicheleweshea kadi kazi.

Namba kubwa wakati hujafungua chochote ndiyo inayostahili kuchunguzwa. Kwenye Task Manager, bofya kichwa cha safu ya GPU ili programu zipangwe kuanzia yenye matumizi makubwa. Mara nyingi utakuta kivinjari kinachocheza video nyuma ya madirisha mengine. Ukikuta programu usiyoitambua, ikagua kwa antivirusi, maana programu hasidi za kuchimba sarafu za kidijitali hujificha hapo na kuifanyisha kadi kazi mchana na usiku.