Je, wajua? Minara Miwili ni kanisa kuu, ingawa Yosefu hakuwa mtume

Anayeingia Unguja kwa boti huiona minara pacha ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu juu ya mapaa ya Mji Mkongwe kabla hata hajashuka bandarini. Wenyeji wanaliita Minara Miwili. Lilijengwa na wamisionari wa Kifaransa mwishoni mwa karne ya 19, na leo ni kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Zanzibar, lililoundwa mwaka 1980. Kwa kuwa ni kanisa kuu, wapo wanaodhani Yosefu alikuwa mmoja wa mitume, kwamba kanisa haliwi kuu mpaka lipewe jina la Petro, Paulo au mwenzao.

Hapana. Yosefu, mume wa Maria, hayumo kabisa katika wale Kumi na Wawili. Injili haimtaji tena akiwa hai baada ya safari ya Hekaluni, Yesu alipokuwa na miaka 12. Jina lake, kweli, liliwazunguka mitume kwa karibu: Barnaba aliitwa Yusufu kabla mitume hawajambadilisha jina, na Yusufu Barsaba alipigiwa kura pamoja na Mathiya kujaza nafasi ya Yuda, akaikosa. Lakini hao ni watu wengine.

Kinacholifanya kanisa kuwa kuu ni kiti. Askofu wa jimbo ana kiti chake rasmi cha kufundishia na kuongozea ibada, na kanisa lenye kiti hicho ndilo kanisa kuu, hata likiwa dogo. Ni kama Dodoma na Dar es Salaam: ukubwa na umaarufu uko kwingine, makao makuu yako Dodoma. Ushahidi mzuri kuliko wote uko Roma kwenyewe. Kanisa la Mtakatifu Petro, Vatikani, lililojengwa juu ya kaburi la mtume, si kanisa kuu la Roma. Kiti cha Papa akiwa askofu wa Roma kiko Laterano, kanisa lililowekwa kwanza chini ya jina la Mwokozi, ndipo yakaongezwa majina ya Yohane Mbatizaji na Yohane Mwinjili. Kutabarukiwa kwake, yaani kuwekwa wakfu, huadhimishwa na Wakatoliki dunia nzima tarehe 9 Novemba, Unguja na Pemba zikiwemo.

Hata hivyo mitume hawajaachwa nje, na hapa ndipo penye utamu. Siku ya kutabaruku kanisa, askofu humimina krisma, yale mafuta yenye manukato, juu ya altare, yaani madhabahu, na kuipaka yote. Kisha hupaka kuta mahali 12, kila mahali pakiwa na msalaba wake na mshumaa. Idadi hiyo inatoka Ufunuo 21:14, ambapo ukuta wa mji mtakatifu una misingi 12 yenye majina ya mitume 12. Kwa hiyo kanisa linaweza kuitwa la Yosefu, la Tereza au la Fransisko, na mitume wakawa wamepakwa ukutani pande zote. Mwenye kuingia kanisa lolote la Kikatoliki na aitafute misalaba hiyo, midogo, kwa kawaida juu kidogo ya kimo cha mtu.

Asipoiona 12 asishangae: taratibu za sasa zinaruhusu minne pia. Na kanisa lililobarikiwa tu, bila kutabarukiwa, halipakwi krisma kutani.

Kuhusu Yosefu mwenyewe, wakati unaeleza mengi. Tarehe 8 Desemba 1870 Papa Pio wa Tisa alimtangaza msimamizi wa Kanisa lote, na jina lake likashika kasi miongoni mwa wajenzi wa makanisa. Ng'ambo ya bahari, kanisa kuu la Dar es Salaam, lililojengwa enzi za Wajerumani karibu na bandari, nalo ni la Mtakatifu Yosefu.