Je, Wajua Kwa Nini Timu ya Tanga Huitwa Wagosi wa Kaya, na ya Kampala Huitwa Vijana wa Takataka?

Msikilize mtangazaji wa mpira redioni kwa dakika kumi tu. Coastal Union ya Tanga ataitaja kwa jina lake mpira unapoanza, kisha hana habari nalo tena. Kuanzia hapo ni Wagosi wa Kaya, Wagosi wa Kaya, mpaka filimbi ya mwisho. Tanzania Prisons ya Mbeya watakuwa Wajelajela, Mtibwa Sugar watakuwa Wakata Miwa, na Azam watakuwa Wanalambalamba. Aliyewasha redio katikati ya mchezo, kama si mfuatiliaji wa ligi, atabaki anajiuliza ni nani anacheza na nani.

Majina haya hayamo kwenye cheti cha usajili. Yamezaliwa majukwaani, vijiweni na kwenye kurasa za michezo, kwa sababu shabiki anahitaji neno la kupigia kelele, na mwandishi hawezi kurudia "Prisons" mara kumi na tano kwenye habari moja. Lakini hilo linaeleza tu kwa nini jina la pili lipo. Kwa nini likawa hilo na si jingine? Hapo ndipo utamu ulipo, kwa maana karibu kila mara ukilifuata jina hilo hadi mwisho unafika mahali: kwenye lugha fulani ya nyumbani, shamba fulani, mtaa fulani. Cheti cha usajili kinakwambia mmiliki. Jina la utani linakwambia watu.

Tuanzie Tanga. Mgosi, au mgoshi kama wasemavyo Wasambaa, ni mwanamume, na lugha za Kibondei na Kisambaa ndizo za watu wa Muheza, Korogwe na Lushoto, wanaoshuka Tanga mjini kwa kazi na biashara. Kaya tunaijua sote, hata makarani wa sensa huhesabu kaya. Wagosi wa Kaya basi ni wanaume wa nyumbani, wenye mji wao. Neno hilo kaya lina uzito wake pwani yote: ukivuka mpaka kuingia Kwale na Kilifi, kaya za Wamijikenda ni makazi ya kale yaliyofichwa ndani ya misitu, na mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Coastal Union ilianzishwa 1948 ikiwa na jina la Kiingereza kama klabu nyingi za zama zile. Ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, Tanga nzima ilikuwa ikiwashangilia Wagosi.

Sasa panda kusini hadi Tukuyu, kwenye baridi na migomba ya Rungwe. Tukuyu Stars, mabingwa wa 1986, waliitwa Banyambala. Muulize Mnyakyusa maana yake, atakwambia: wanaume. Yaani watu wa milimani kusini na watu wa pwani ya kaskazini, bila kushauriana, wamezipa timu zao jina lilelile, kila mmoja kwa lugha ya mama yake. Ukienda Kakamega, magharibi mwa Kenya, utawakuta mashabiki wa Kakamega Homeboyz wakiiita timu yao Abana Beingo, watoto wa nyumbani kwa Kiluhya. Kisii wao wamechagua ukali: Shabana FC ni Tore Bobe, kwa Ekegusii "sisi ni wabaya", na ubaya huo ni sifa, ni onyo kwa mgeni anayekuja kucheza kwao.

Na Songea? Klabu yao inaitwa Majimaji, jina la vita ya 1905 hadi 1907 waliyopigana babu zao dhidi ya Wajerumani. Ungedhani hilo linatosha. Mashabiki wakaongeza la kwao, Wanalizombe, kutokana na lizombe, ngoma ya Wangoni. Historia kubwa iko kwenye jina rasmi, na ngoma ya nyumbani iko kwenye jina la utani. Mimi sioni klabu nyingine iliyobeba mkoa wake kikamilifu namna hii.

Kundi la pili la majina linatokana na kazi, na hapa ligi ya Tanzania inasomeka kama somo la jiografia. Mtibwa Sugar ni timu ya kiwanda cha sukari cha Turiani, Morogoro, na uwanja wake wa Manungu uko jirani na mashamba ya miwa. Ndiyo sababu ya Wakata Miwa. Timu hiyo ya mashambani ilichukua ubingwa wa nchi mwaka 1999 na tena 2000. Pamba ya Mwanza haikuhitaji hata jina la utani kueleza Kanda ya Ziwa inalima nini. Dodoma Jiji ni Walima Zabibu. Geita Gold ni dhahabu yenyewe. Azam wao wameponzwa na biashara ya mmiliki wao: kampuni ile inatengeneza aiskrimu, na aiskrimu ya kijiti mitaani ni lambalamba, inayouzwa kwenye baiskeli zenye sanduku. Timu ikapewa jina la kile ambacho mtoto wa Dar es Salaam anakijua kuhusu Azam kabla hajajua mpira. Wanalambalamba hao ndio waliochukua ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mchezo hata mmoja.

Lakini katika majina ya kazi, linalonigusa zaidi ni la Shinyanga. Kuna klabu inaitwa Stand United, na hiyo "Stand" ni stendi ya mabasi. Mpiga debe unamjua: anafika stendi kabla ya alfajiri, anaita majina ya miji mpaka sauti inakauka, anabeba begi la abiria kwa nguvu ili abiria alifuate, anagonga ubavu wa basi kwa kiganja kumwambia dereva aondoke. Hana ajira ya kuandikiana, analipwa kwa kichwa. Ni watu hao walioanzisha timu, wakaipa jina la mahali wanaposimama kutwa, na msimu wa 2014/15 ikacheza Ligi Kuu dhidi ya Simba na Yanga. Mashabiki wakaiita Wapiga Debe, na pia Chama la Wana. Klabu nyingine huficha asili ya namna hiyo zikipanda daraja. Hawa walipanda nayo.

Kampala wana kisa kinachofanana. Klabu ya halmashauri ya jiji, KCC, ambayo leo ni KCCA, ilianzishwa 1963 miongoni mwa wafanyakazi wa jiji. Kazi ya halmashauri ambayo kila mkazi aliiona kwa macho ilikuwa kuzoa taka, na taka kwa Kiganda ni kasasiro. Ikawa Kasasiro Boys, vijana wa takataka. Unaweza kuona kirahisi jinsi jina hilo lilivyofaa kwa dhihaka kutoka kwa mashabiki wa Express au SC Villa. Klabu ikalipokea, ikalivaa, na ikachukua nalo makombe, likiwemo la klabu za Afrika Mashariki na Kati, yaani la CECAFA, mwaka 1978 na tena 2019. Linganisha na Benin, ambako timu ya taifa iliitwa Kuchakuro kwa miaka mingi, kisha mwaka 2022 ikabadilishiwa na kuitwa Duma kwa kuonekana kwamba kuchakuro hatishi. Napenda uamuzi wa Kampala zaidi. Jina la mnyama mkali kila mtu anaweza kuazima, la wazoa taka wa Kampala ni lao tu.

Hatuwezi kufika mwisho bila Kariakoo. Yanga ilianza 1935 ikiitwa Young Africans, na neno "Yanga" ni hilo "Young" lilivyotoka kwenye ulimi wa Mswahili, ambao haupendi neno liishe bila irabu. Kwenye nembo yake kuna ramani ya Afrika, maana Waafrika ndiyo nusu ya pili ya jina. Mwaka mmoja baadaye ikazaliwa timu ya upande wa pili. Ilipitia majina ya Queens na Eagles, kisha ikawa Sunderland, jina la klabu ya Uingereza inayovaa nyekundu na nyeupe. Mwaka 1971, miaka kumi baada ya uhuru, Sunderland ikatupwa na mnyama akaingia: Simba. Rangi nyekundu na nyeupe zikabaki.

Majina yao ya mitaani ndiyo nayaona ya ajabu kuliko yote. Simba ni Wekundu wa Msimbazi, kwa sababu makao yao yako Mtaa wa Msimbazi. Yanga ni Wanajangwani, kwa sababu makao yao yako kwenye kona ya mitaa ya Twiga na Jangwani. Lakini Msimbazi ni mto kabla ya kuwa mtaa, na Jangwani ni lile bonde mto huohuo unapopita ukielekea Bahari ya Hindi. Masika yakikolea, maji ya Msimbazi hujaa Jangwani mpaka barabara ya Morogoro hufungwa, na magari hupanga foleni pande zote mbili yakisubiri yapungue. Watani wa jadi wasiokubaliana hata rangi ya kuvaa wamepewa majina na maji yaleyale.

Na kwenye rangi hawakubaliani kweli. Yanga ni kijani na njano, na mwekundu kwao ni mtani. Imewahi kufika mahali ambapo nembo ya mdhamini wa ligi ilikuwa nyekundu, wanachama wakakataa isikae kwenye jezi yao, na nembo ikaonekana kifuani mwa Yanga ikiwa nyeusi. Kwa mtu wa masoko huo ni usumbufu. Kwa mtu aliyelelewa katika nyumba ya Yanga, ambako hata kanga nyekundu huulizwa imetoka wapi, hakuna cha kushangaza hapo. Nembo nayo ina nguvu yake. TP Mazembe ya Lubumbashi wamechora mamba mwenye mpira mdomoni, na ukishamwona mara moja humsahau, ingawa klabu hiyo ilipochukua ubingwa wa Afrika 1967 na 1968 ilikuwa bado ikiitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi.

Ila kama unataka kujua jina la timu lina mizizi kiasi gani, angalia kilichotokea Kenya lilipojaribiwa kung'olewa. Klabu zake kubwa zilianzia kwenye vyama vya watu wa nyumbani waliokuja mjini. Abaluhya, timu ya Waluhya, ilianza 1964. Gor Mahia iliundwa 1968 kwa kuunganisha timu za Wajaluo, na ikapewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, Ndhiwa, ambaye watu waliamini kwamba anaweza kugeuka chochote apendacho. Mahia ndiyo hiyo miujiza yenyewe. Mpinzani aliposikia anakwenda kucheza na Gor Mahia, alikuwa anakutana na mganga kabla ya kukutana na wachezaji kumi na mmoja.

Kufikia 1980 serikali ikaagiza vyama na timu ziache majina ya makabila. Gor Mahia, kwa kuwa ni jina la mtu na si la kabila, ilitafutiwa tafsiri salama: G-O-R ikasemwa ni Gulf Olympic Rangers. Tafsiri hiyo haikudumu, mganga akarudi. Luo Union, timu nyingine ya Wajaluo, wakafanya jambo ambalo hadi leo linanifurahisha kwa werevu wake: wakajiita Reunion. Herufi chache zimeondoka, "Union" imebaki palepale, na kila shabiki alijua anayezungumziwa.

Abaluhya wakawa AFC Leopards. Herufi ya A ikabaki mwanzoni kama ilivyokuwa, na neno la Kiingereza likawekwa mahali pa jina la watu. Kwenye karatasi Uluhya ulikuwa umefutika. Kisha timu ikaingia uwanjani na mashabiki wakalichukua lile neno "Leopards", wakalirudisha kwenye lugha yao na kuanza kulipigia isukuti, ngoma za Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambazo mwaka 2014 UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Chui kwa Kiluhya ni ingwe. Hadi leo, jezi za bluu na nyeupe zikitokea kwenye mlango wa uwanja, ngoma tatu zinaanza pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, na jukwaa zima linaitikia: Ingwe!