Wokitoki za chaneli 1 zisiposikizana

Weka wokitoki mbili kwenye chaneli 1, moja ya soko la Marekani na nyingine ya Ulaya: hazitasikizana. Ya Marekani, ya huduma ya FRS, iko 462.5625 MHz. Ya Ulaya, PMR446, iko 446.00625 MHz. Ukitaka kuongezea jozi uliyo nayo, linganisha masafa ya mawimbi (zile MHz), si namba za chaneli.

FRS ina chaneli 22. Chaneli 8 hadi 14 hupewa nusu wati tu, zilizobaki wati 2. Mtu hulaumu betri, kumbe yuko chaneli 10. GMRS, huduma nyingine ya Marekani, hutumia chaneli hizo hizo, kwa hivyo huongea na FRS, ila kwa leseni unaruhusiwa ripita (kituo kinachopokea na kurusha tena mawimbi), antena ya kubadilisha na hadi wati 50 kwenye baadhi ya chaneli. PMR446 ni nusu wati, na antena yake haifunguki. CB, redio za magari, iko mbali kabisa, 27 MHz, na inataka antena ndefu ya gari.

Hizo ni sheria za kwao. Hapa Kenya masafa hugawiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, kwa hivyo maandishi "haihitaji leseni" kwenye boksi la Marekani hayakulindi Kisumu. Uliza Mamlaka kabla ya kulipa.

Boksi likiandika kilomita 50, uliza antena iko juu kiasi gani. Watu wawili kwenye mitumbwi, antena zikiwa mita 1.5 juu ya maji, upeo wao ni kama kilomita 10. Mmoja akipanda mita 100 juu ya tambarare, tuseme kwenye miinuko ya Nandi inayotazama Nyando, upeo unafika kama 46. Katikati ya majengo ya mjini, tarajia kilomita moja au mbili. Kuongeza wati hakuondoi mlima, inua antena.

Tatizo ninaloletewa sana ni toni, mlio wa chini unaotumwa pamoja na sauti ili redio ifungue spika kwa mwenye toni hiyo tu. Taa ya kupokea inawaka, sauti haitoki. Redio yako inasubiri toni ambayo mwenzako hatumi. Bonyeza kitufe cha moni, kinachofungua spika bila kusubiri toni: ukimsikia, zima toni kwenye redio zote mbili au weka inayofanana, kwa mfano 67.0 Hz. Na toni haifichi mazungumzo hata kidogo. Asiyeweka toni anasikia kila kitu.

Kwa kazi ya ziwani nisingeshauri yoyote kati ya hizi. Chukua redio ya VHF ya vyombo vya majini isiyoingia maji, yenye chaneli namba 16 (156.8 MHz), ambayo ndiyo ya dharura kimataifa.