Tenki tupu ndilo la kuogopa: kushusha tenki la petroli linalovuja

Gari la kale likianza kunuka petroli, dawa ya kwanza mtaani ni kipande cha sabuni ya mche. Unakisugua kwenye ufa, tone linakatika, safari inaendelea. Sabuni inaziba kweli, kwa sababu petroli haiiyeyushi. Itakutoa Makambako ikufikishe Uyole, lakini usikae nayo mwezi mzima. Tenki la miaka 50 likitobolewa na kutu mahali pamoja, bati la pembeni yake nalo limeshaliwa, kwa hiyo halina budi kushushwa.

Sisi tunaofundisha ufundi magari tunapenda kuonyesha kazi hii kwa MGB, gari la michezo la Uingereza lililotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, kwa sababu kasoro yake inafundisha. Tenki limebanwa chini ya sakafu ya buti. Tope na unyevu hukwama katikati, hivyo kutu huanzia mgongoni mwa tenki, mahali jicho halifiki. Ukijaza mafuta linavuja. Yakishuka nusu linanyamaza. Fundi analala chini na tochi, anaona tumbo la tenki likiwa kavu, anasema gari zima. Mwenye gari naye anaamua kutojaza tena. Hapo anajiongezea tatizo, kwani kwa baridi yetu ya Mbeya tenki lenye nafasi kubwa hutoa jasho ndani usiku, maji yanazama chini ya petroli, na kutu inaanza upande wa pili.

Baridi ina hatari nyingine. Juni na Julai si ajabu kukuta jiko la mkaa ndani ya gereji za Mbeya, na wapo wanaoamini kwamba petroli haiwaki kirahisi kukiwa na baridi. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujaa shimoni. Kwa hiyo usishushe tenki gari likiwa juu ya shimo la gereji. Litoe nje, kwenye ardhi tambarare, likae juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Jiko, sigara, grainda na taa ya balbu vikae mbali. Mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe karibu, na namba ya Zimamoto, 114, ijulikane kwa kila aliyepo.

Betri ikatwe kabla mafuta hayajaanza kumwagwa. MGB za kabla ya 1967 zimefungwa chanya kwenye bodi, kinyume cha magari tuliyozoea, na nyingi zina betri mbili za volti 6 nyuma ya viti. Anza kufungua waya unaokwenda kwenye bodi, uwe chanya au hasi. Hapo hata spana ikigusa bati hakuna cheche.

Mafuta yatolewe yote, maana lita 54 zina uzito wa kilo 40 hivi, na hakuna anayetaka kuzipokea kifuani. Tumia pampu ya mkono na dumu la chuma lililowekwa chini; beseni la plastiki linaweza kuzalisha umeme tuli. Usinyonye kwa mdomo. Aliyemeza asitapishwe, wala maziwa si tiba. Apelekwe hospitali, kwa kuwa petroli ikiingia kwenye mapafu inaua.

Kufungua kwenyewe si kazi ndefu: mpira wa kujazia, waya wa geji, paipu ya mafuta, kisha nati. Nati zikionekana zitagoma, zisugue kwa brashi ya waya kabla petroli haijaanza kutolewa, zipake mafuta ya kulegeza kutu, ziache zilale. Usimwite mtu wa gesi azipashe moto. Tenki lishuke taratibu juu ya jeki yenye ubao, watu wawili wakilishika.

Sasa ndipo penye hatari yenyewe. Tenki liko chini, jepesi, limekauka, na kila mtu anapumua. Lakini mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Tenki lililojaa halina nafasi ya mchanganyiko huo. Lililomwagwa linayo tele. Kulisuuza kwa Omo na kulianika juani kunaondoa harufu tu. Petroli iliyojificha ndani ya kutu na kwenye maungio hutoka upya moto wa kuchomelea ukigusa bati, na tenki linalipuka mikononi mwa fundi. Kuliingizia moshi wa eksozi, kama wengine wanavyofanya, nako hakuaminiki.

Kwa maoni yangu, tenki lililoliwa na kutu lisitengenezwe. Matenki mapya ya MGB bado yanauzwa. Ukishindwa bei, mpe fundi bati mzuri tenki la zamani alipime, achomelee jipya kwa bati ambalo halijawahi kuonja petroli. Paka rangi ya kuzuia kutu, hasa mgongoni, badilisha mipira yote, kisha ujaze mpaka juu na kuliacha gari nje usiku kucha. Asubuhi fungua buti na unuse kabla hujawasha.